Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Jioni hii twapenda kunena nanyi habari za mtoto wa umri wa mwaka mmoja na nusu, au miwili, ambaye mamaye amepata mimba nyingine. Twamchagua mtoto huyu kwa kuwa habari zake zaonyesha wazi jinsi afya inavyotegemea desturi ndogo za kila siku, na jinsi wenye nyumba wanavyokaa pamoja.

Sote tumepata kumwona. Jana alikuwa mchekaji. Leo amenuna, hataki kucheza wala kula. Miguu yake imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo labaki. Nywele zimepauka na kugeuka rangi, na ngozi yachubuka. Asiyejua husema, "Tazama alivyonona!" kumbe ni maji tu. Nao majirani hunong'onezana: mtoto amebemendwa. Maana yake, wazazi wamevunja mwiko, wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, na maziwa ya mama yameharibika.

Neno hili limetia fitina katika nyumba nyingi. Mume humshuku mkewe, na mama mkwe humlaumu mkaza mwana. Naye mama, kwa haya, humfunika mtoto kwa kanga asionekane, wala hampeleki hospitali, kwani aogopa kuulizwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini hapa mfichaji ni mzazi, na anayekufa ni mtoto.

Basi kweli ni ipi? Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliandika habari za ugonjwa huu. Alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 yaitwa Ghana. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina walilolitumia wenyeji wa kabila la Ga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwa mamaye kwa sababu mwenziwe azaliwa. Tazameni ajabu hii. Akina mama wa Accra na akina mama wa pwani yetu, ambao hawakupata kuonana, waliona jambo lile lile, ya kuwa ugonjwa hufuata mimba ya pili. Macho yao hayakukosea. Kosa letu lilikuwa katika kutaja sababu.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala mimba haiyageuzi kuwa sumu. Kinachomdhuru mtoto ni kuondolewa ziwa ghafula, kisha kupewa uji mtupu wa muhogo au wa mahindi, ambao hulijaza tumbo lakini haujengi mwili. Kisha kuhara au surua humkuta hana nguvu ya kushindana nayo.

Hapo desturi zetu huongeza mzigo. Mara nyingi watoto wote huketi kwenye sinia moja. Wakubwa wana mikono mepesi; mdogo akimaliza tonge lake la pili, mboga imekwisha. Kitoweo kizuri kimekwisha kutengwa kwa ajili ya baba. Tena yuko mtoto apelekwaye kwa bibi yake ili alisahau ziwa. Bibi ampenda, hilo hatulikani. Lakini kwa siku moja mtoto amepoteza maziwa, na mama, na kitanda alichokizoea. Mtu mzima akifiwa hukosa hamu ya chakula. Je, mtoto huyu atakulaje?

Basi tufanyeje? Kwanza, mtoto na anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Hili ndilo shauri la Shirika la Afya Duniani. Mimba ikiingia kabla ya hapo, asiachishwe kwa siku moja, bali polepole. Naye mama aongezewe chakula, maana awalisha watu wawili pamoja na nafsi yake. Pili, uji utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa. Na mtoto apewe maharage, kunde na mayai. Tatu, awe na bakuli lake mwenyewe, na mtu wa kuketi naye mpaka ashibe. Nne, baba akumbuke ya kuwa kipande cha samaki akipunguzacho sahanini mwake hakimpunguzii heshima.

Tusiwadharau wazee wetu. Mwiko wao ulikuwa na hekima ndani yake, kwani uliwatenganisha watoto kwa miaka. Hata leo waganga wa hospitali hushauri ipite miezi 24 tangu kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine. Jambo hili mume na mke walizungumze pamoja, kisha waende wote wawili kliniki kuuliza njia.

Na mtoto akivimba miguu, mpelekeni hospitali siku ile ile. Msimshindilie chakula kingi nyumbani, msimfiche, wala msitafute nani wa kulaumiwa. Matibabu yapo, na wengi hupona wakiwahi. Jirani akinong'ona, mwambieni kwa upole ya kuwa mtoto huyu hakubemendwa. Ameondolewa mapema mno mapajani mwa mamaye, na sisi sote tuliokula sinia moja naye twadaiwa kumrudishia haki yake.