Haki ya Aliyejeruhiwa Ubongo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hapa Mwanza na katika mwambao wote wa Ziwa Viktoria, watu hugongwa na pikipiki, huanguka kutoka majengo yanayojengwa, na huumia viwandani na migodini. Jeraha la ngozi likipona, jamaa hushukuru, kumbe la ndani limebaki. Baada ya miezi mtu husahau aliyoambiwa, huumwa kichwa, hughadhibika bila sababu, hushindwa na kazi aliyoizoea. Watu husema ana majini, au amekuwa mvivu. Hivyo matibabu huchelewa, na haki yake hupotea.

Akili ni miongoni mwa mambo matano ambayo Sharia imekuja kuyalinda. Imepokewa kwamba mtu mmoja alipigwa jiwe kichwani, akapoteza kusikia, kusema, akili na uwezo wa ndoa. Sayyidna Umar akamhukumia diya nne, naye yu hai. Basi kudai fidia si tamaa, wala si kukataa kadari ya Mola.

Mahakama za nchi yetu hazihukumu diya, lakini sheria zimeweka njia. Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali. Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, imehudumia wagonjwa tangu mwaka 1971. Ajali iripotiwe polisi, ipatikane fomu ya PF3, na kila cheti na stakabadhi vihifadhiwe. Mkiona tabia ya mgonjwa imebadilika, mrudisheni kwa daktari, aandike aliyoyaona.

Aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huchangiwa na waajiri, wala mfanyakazi halazimiki kwanza kuthibitisha kosa la mwajiri wake. Hulipia matibabu, ulemavu wa muda na wa kudumu, hata anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Ajali ijulishwe mapema, kabla ya miezi 12 kupita. Na mwajiri akijulishwa, ana siku 7 za kutoa taarifa.

Aliyegongwa na chombo cha moto aandike namba yake na jina la kampuni ya bima, kwa kuwa bima ya kuwafidia wengine ni ya lazima. Dereva kutozwa faini mahakamani si kulipwa kwa majeruhi. Madai ya fidia ni shauri jingine. Shauri la madhara ya uzembe lina muda wa miaka 3. Sheria humhurumia aliyepoteza akili katika kuuhesabu muda huo, lakini jamaa wasikae wakitegemea hilo.

Na mvuvi anayegawana samaki na mwenye mtumbwi, bila mkataba wa ajira, asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewawekea wasio na uwezo mawakili na wasaidizi wa kisheria wasiotoza malipo. Amwendee mmoja wao.

Jihadharini na karatasi ya kusameheana inayoletwa kitandani pamoja na fedha kidogo. Kusamehe ni jambo tukufu, lakini husamehe mwenye haki, akijua anachokisamehe. Na ambaye akili yake imezongwa hajui. Msimtilishe saini, wala msitie saini kwa niaba yake kabla daktari hajasema madhara yatafika wapi.

Fidia ikipatikana, ni mali ya mgonjwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba wasioweza kusimamia mali walishwe na wavishwe kutokana nayo, na waambiwe maneno mema. Ndugu anayeijengea nyumba yake fedha hiyo, na mgonjwa amelala na njaa, amekula haramu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa watetezi wa wasioweza kujitetea. Amin.