Unatunisha misuli? Usiikimbie michembe

KAMA wewe ni kijana wa Bariadi, Maswa au Lamadi, na kila jioni unaonekana uani ukihangaika na lile bomba lenye makopo mawili ya zege, leo nina maneno na wewe. Na wewe mama mwenye nyumba, unayelalamika kwamba huyo kijana anamaliza ugali wa watu watatu, soma pia. Mtoto hana shetani. Ana kazi anayoifanya, na jiko halichemshi bila kuni.

Tuelewane kwanza. Wanga ninaousema hapa si wale wanaotembea usiku. Nasema wanga wa kwenye sufuria: ugali, viazi, wali, mihogo, na ndugu yao wa karibu, sukari.

Siku hizi imezuka mitindo miwili mjini, na yote miwili inanikera. Wa kwanza ni wa vijana walioususia ugali kabisa. Wamesikia kwenye simu kwamba wanga unaleta kitambi, basi asubuhi mayai, mchana nyama, usiku mayai tena, halafu mtu anakwenda kunyanyua vyuma. Nusu saa haijaisha, macho yanazunguka na mikono inatetemeka kama ya mlevi wa jana. Mtindo wa pili ni wa wale waliosikia kwamba wanga "wa haraka" ndiyo siri ya mabaunsa. Hawa kila zoezi wanalishushia na soda mbili, na mwenye nazo ananunua kopo la unga mtamu lililochorwa jitu lenye kifua kama mlango wa godauni. Kopo hilo, ndugu yangu, linaweza kumeza pesa ya pamba ambayo mzee ameitolea jasho tangu Novemba.

Sasa huo wanga unafanya nini hasa mwilini? Misuli haijengwi na wanga. Inajengwa na chuma kinachoilazimisha ikue, protini inayoikarabati, na usingizi. Wanga ni kuni. Ukila ugali, tumbo linauvunja mpaka unakuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, na insulini inafungua mlango wa misuli ili hiyo sukari ihifadhiwe humo. Akiba hiyo wataalamu wanaiita glikojeni. Mtu mzima wa kawaida anaweza kubeba kama gramu 400 kwenye misuli na 100 hivi kwenye ini. Seti kadhaa nzito za vyuma zinaweza kuchota robo mpaka theluthi ya akiba ya msuli uliofanya kazi. Aliyeususia ugali anaingia ulingoni ghala likiwa tupu. Atanyanyua mara sita pale ambapo angenyanyua kumi, na msuli hukua kwa zile nne alizozikosa.

Kuna jaribio moja la Sweden nalipenda sana. Mwaka 1966 wataalamu wawili, Bergström na Hultman, walijifanyia utafiti wao wenyewe. Walikaa huku na huku kwenye baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akipiga pedali kwa mguu mmoja tu, mpaka mguu ukagoma. Kisha wakala wanga kwa wingi siku tatu, huku wakijichoma sindano za paja kuchukua vipande vidogo vya msuli. Mguu uliofanya kazi ulikuja kubeba akiba karibu mara mbili ya mguu uliopumzika. Mtu yule yule, chakula kile kile! Kumbe wanga unakwenda zaidi pale palipofanyiwa kazi. Anayeshinda kijiweni akila viazi asinisingizie mimi kesho akiota kitambi.

Haya, tuje kwenye ubishi wenyewe. Vitabu vinagawa wanga mafungu mawili. Upo wanga rahisi, yaani sukari yenyewe, asali, soda, juisi ya miwa. Upo na wanga changamano, ambao ni minyororo mirefu kama ya mtama, mahindi, viazi, dengu. Wa kwanza unaitwa wa haraka, wa pili wa polepole. Ukiishia hapo utadanganyika, maana mkate mweupe nao ni wanga changamano, lakini ukishafika tumboni unakimbilia damuni kama basi lililochelewa. Maziwa yana sukari rahisi ndani yake, lakini yanakwenda taratibu. Ndiyo maana Dakta David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, mwaka 1981 walikuja na kipimo cha kupanga vyakula kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu, badala ya kutazama majina.

Na mapishi yana neno lake. Kiazi kitamu kilichochemshwa kinapandisha sukari taratibu kuliko kile kile kilichookwa au kuchomwa mpaka kikatoa utamu wa asali. Dona inashinda sembe, kwa sababu sembe imevuliwa pumba na nyuzinyuzi zake. Mtama mzima nao haumeng'enyeki kwa pupa.

Hapo ndipo ninaposhangaa vijana wa Simiyu. Mmezaliwa juu ya ghala! Bibi zenu wanamenya viazi, wanakata vipande, wanaanika juani, wanapata michembe. Vingine wanachemsha kwanza ndipo waanike, wanapata matobolwa. Ni chakula kinachokaa miezi, hakitaki friji, kinabebeka mfukoni. Ukipika michembe na karanga au maharage, ukashushia maziwa ya mtindi, una wanga, protini na chumvichumvi kwa mpigo. Lakini kijana wa mjini anaona aibu kuonekana na michembe. Anasema ni chakula cha njaa. Halafu anakopa kununua kopo! Nilimwona dereva mmoja wa bodaboda stendi, mkono kama mti wa mkwaju, nikamuuliza anakula nini. Akacheka, akatoa matobolwa kwenye koti.

Sukari ya haraka nayo ina siku yake, nisiionee. Kama asubuhi umenyanyua vyuma na saa kumi una mechi, huna muda wa kusubiri. Hapo wataalamu wanashauri gramu moja hivi ya wanga kwa kila kilo ya mwili wako, kila saa, kwa saa nne za kwanza. Wali mweupe, ndizi mbivu, uji wenye sukari, vyote vinafaa. Wakulima wanaopiga jembe tangu alfajiri na kulirudia jioni wako kundi hilo hilo, ingawa hawajaitwa wanamichezo. Ila wewe unayenyanyua mara moja kwa siku, una saa 24 mbele yako. Chakula cha kawaida cha usiku kitajaza ghala bila soda.

Soda nyingi za kawaida zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ni vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50. Soda mbili umeshapita, na chai bado hujanywa. Wenye kisukari nyumbani wanajua mchezo huo unaishia wapi.

Vipimo? Kijana wa kilo 70 anayenyanyua mara tatu nne kwa wiki anatosheka na gramu 4 mpaka 5 za wanga kwa kilo, yaani 280 mpaka 350 kwa siku. Gramu 100 za unga wa dona au mtama zina 70 na ushee za wanga, kwa hiyo unga wa robo tatu ya kilo kwa kichwa kimoja ni uroho tu. Protini lenga gramu 1.6 kwa kilo, kama 112. Nusu lita ya maziwa inatoa 16 hivi, yai moja sita, na choroko kavu gramu 100 zinatoa 24. Dagaa wakavu wa Lamadi wanapita wote hao, na bei yake huwezi kuifananisha na nyama. Akina dada mnaonyanyua, hesabu ni hiyo hiyo, zidisheni kwa kilo zenu.

Kula saa mbili tatu kabla ya vyuma, ugali wa mtama na choroko au michembe na maziwa. Ukiwa huna nafasi, ndizi moja nusu saa kabla. Na wale mnaonyanyua gizani kabla ya kwenda shamba, msiende na tumbo tupu: kikombe cha uji wa mtama kilichobaki jana, kijiko kimoja cha sukari, kisha kamata bomba lako.