Deni la Kodi ya Jengo Halimo Ndani ya Mita

Kila mwezi unapoanza napokea swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale: "Mtaalamu, mimi ni mpangaji tu, nifanyeje LUKU isinikate kodi ya jengo?" Huuliza fundi cherehani wa Isevya, huuliza mwalimu aliyepanga Cheyo, huuliza muuza asali wa sokoni ambaye hana hata kiwanja. Uchungu wao nauelewa. Kutozwa kwa ajili ya nyumba isiyo yako kunauma, tena unatozwa na mtambo usio na mlango wa kubisha ukajieleza. Lakini mwenye kuuliza hivyo huwa tayari anatafuta njia ya kuizunguka mita, na hapa Tabora wapo wa kumwonyesha njia hiyo kwa malipo. Hao ndio walionifanya niandike makala hii.

Kwanza viwango, kwa sababu hata navyo vinapotoshwa vijiweni. Makato ya kodi ya jengo kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, yalianza Agosti 2021, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha hadi 1,500 na 7,500. Kwa mwaka ni 18,000 kwa nyumba ya kawaida, na 90,000 kwa kila sakafu kwa ghorofa zilizo katika majiji, manispaa na miji. Makato hufanyika mara moja kwa mwezi, katika ununuzi wa kwanza. Na hii ni kodi ya mwenye jengo. Haijawahi kuwa kodi ya mpangaji, hata siku moja.

Kwa nini basi anakamuliwa mpangaji? Kwa sababu yeye ndiye anayenunua umeme, na umeme hauna njia ya mchepuko. Watu wa Tabora, mji wa njia ya zamani ya misafara, wanapaswa kulijua jambo hili kuliko Watanzania wengine wote. Msafara uliotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani huku Tabora, ulilipa hongo, ushuru wa kupita, Ugogo, kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga, kwa kuwa visima vilikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo na mbele ya Ugogo kulikuwa na Mgunda Mkali, pori lisilo na maji. Mwenye msafara alilalamika, alibishana siku kadhaa, kisha alilipa, maana wapagazi hawatembei bila maji. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, biashara ya njia hiyo ilikwama, na mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa ameungana na Waarabu kupigana naye wakashindwa, ilibidi azunguke kusini ndipo amfikie Livingstone. Anayeshika mahali pasipokwepeka ndiye anayekusanya. Kodi ya kichwa ilikuwa na mgambo wa kufukuzana na watu asubuhi, na watu waliikwepa kwa kulala porini au kuhamia kwa shemeji, mpaka kodi ya maendeleo, mrithi wake, ilipofutwa mwaka 2003. LUKU haihitaji mgambo. Inasubiri giza liingie.

Sasa nije kwa vishoka, wale mafundi wa umeme wa mitaani wanaoonyesha njia ya kuizunguka mita, maana humo ndimo watu wanamopotezea fedha.

Kishoka anakuja na bisibisi, kijaribio cha umeme na maneno mengi. Anakwambia deni la kodi "limeingia kwenye mita" na yeye anajua namba za kulifuta. Anaichukua rimoti, anabonyeza tarakimu kadhaa, kioo kinaonyesha maandishi usiyoyaelewa, kisha anakutaka ununue umeme wa kujaribu. Unanunua wa 5,000. Tokeni inakuja kamili, haina kodi ya jengo. Unamlipa, unamshukuru, unampigia jirani naye aje. Mwezi unaofuata makato yamerudi, na simu ya kishoka haipatikani.

Alichokifanya ni kuja katikati ya mwezi. Ulikuwa umeshanunua umeme tarehe 2 au 3, kodi ya mwezi ikakatwa hapo, na ununuzi wa pili usingekatwa kodi hata kama rimoti ingebonyezwa na mtoto wa darasa la kwanza. Hizo namba anazobonyeza ni za kuangalia taarifa za kawaida za mita, kama uniti zilizobaki. Hakuna alichofuta kwa sababu ndani ya mita hakuna cha kufuta.

Naomba hapa msomaji atulie anifuate. Mita ya nyumbani kwako inajua kiasi cha uniti zilizobaki na inajua kuzipunguza kadiri unavyotumia. Haijui bei ya umeme. Haijui jina lako, haijui kama umepanga au umejenga, wala kama nyumba ni ya ghorofa. Unaponunua kwa simu, ombi lako linakwenda kwenye mfumo wa TANESCO likiwa na namba ya mita. Huko ndiko kodi ya jengo inakotolewa kwanza, kama mwezi huo haijakatwa, kisha kinachobaki kinagawanywa: VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3, ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, na umeme wenyewe. Kwa mteja wa kawaida anayenunua uniti kwa shilingi 292 kabla ya tozo hizo, kila uniti inamgharimu takriban 356. Ndiyo maana 5,000 isiyokatwa kodi inakupa uniti 14, na 5,000 iliyokatwa 1,500 inakupa uniti 9.8. Hesabu yote hiyo imekwisha kabla mita yako haijaguswa. Zile tarakimu 20 zinazokuja kwenye simu zimebeba uniti, si fedha wala kodi, zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako na haziingii katika mita nyingine.

Tarakimu hizo zina muhuri wa muda pia, na ndiyo sababu tokeni haitumiki mara mbili. Mita za mfumo huu, popote duniani, zilihesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ikafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo mwaka ule TANESCO ilituma makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kuisahihisha mita, la tatu la umeme. Nilizunguka na kuzungumza na watu wazima, wasomi, waliogoma kuingiza namba zile kwa kuamini ndimo kodi ilimofichwa. Waliosusa hadi tarehe ile ikapita wakabaki na mita isiyopokea tokeni mpya. Kodi ilikuwa imeshakatwa miaka mitatu bila kuhitaji namba hizo.

Yupo kishoka wa aina ya pili, na huyu simwiti tapeli tu. Huyu anakata lakiri, anaunganisha waya kutoka kwenye laini hadi ndani bila kupita kwenye mita, na anakwambia umeshaachana na LUKU. Umeachana na ulinzi pia, kwa sababu anayefanya kazi ya wizi usiku hapimi unene wa waya wala haangalii swichi ya kuzima umeme wa hitilafu, na nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo na Gongoni zina dari za mbao kavu za miaka mingi. Siku ya ukaguzi utadaiwa gharama ya umeme unaokadiriwa kuibwa na utakabiliwa na kesi ya jinai, wewe, wala si yeye. Na kodi je? Inaendelea kujikusanya kila mwezi kwa namba ya mita hiyo hiyo, iwe unanunua umeme au hununui. Kaa miezi minne bila kununua, siku ukirudi 6,000 ya miezi hiyo inaondoka kwa mkupuo kabla hujapata uniti moja. Hapo watu huja kwangu wakilia kwamba "mita imekula pesa".

Dawa nyingine za mtaani hazistahili maneno mengi. Kununua umeme wa kidogo kidogo hakupunguzi kodi: ukinunua wa 2,000 mwanzoni mwa mwezi, 500 iliyobaki inakupa uniti 1.4, basi. Kuhamisha mita kwa jina la mtoto hakubadilishi kitu, kwa kuwa kinachotozwa ni jengo. Na anayekutumia ujumbe kwamba mita yako itafungwa leo usipotuma fedha kwa namba ya mtu binafsi ni mwizi.

Kinachoweza kubadilishwa ni kumbukumbu. Mifumo ya aina hii hukuhesabu kuwa unadaiwa mpaka wewe mwenyewe useme vinginevyo, na haiko kwetu tu. Sisi hatuna leseni ya kutazama televisheni, lakini Uingereza wanayo. Asiyetazama matangazo huandikiwa barua baada ya barua, za vitisho, mpaka apeleke tamko kwamba leseni hiyo haimhusu. Mkaguzi akibisha hodi, hana ruhusa ya kuingia bila idhini ya mwenye nyumba au kibali cha mahakama. Wanaosumbuliwa muda mrefu ni wale wanaotupa barua kwenye taka wakidhani ukimya ni jibu. Kwetu ni hivyo hivyo: usipokwenda kusema, mfumo utaamini kwamba mita yako imo katika jengo linalopaswa kulipa.

Basi nenda ukaseme. TANESCO ni mkusanyaji tu na haina mamlaka ya kukusamehe, kwa hiyo usipoteze asubuhi kwenye foleni yake. Anzia idara ya mapato ya manispaa na ofisi ya TRA. Nyumba moja yenye mita tatu au nne kwa sababu ya wapangaji inadaiwa kodi moja: mwenye nyumba apeleke namba za mita zote, moja ibaki, nyingine zitolewe. Mita ya pampu ya kisima au ya taa za uzio isiyo na jengo lake pekee, vivyo hivyo. Nyumba ya kuishi ya udongo au ya nyasi sheria imeiacha nje, na Tabora tunazo nyingi, kwa hiyo mwenye nayo aombe barua ya mtendaji wa mtaa na picha ya nyumba. Mwenye miaka 60 au zaidi anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi: achukue kitambulisho cha NIDA na uthibitisho wa umiliki, aende mwenyewe au amtume mtoto na barua. Nyumba ya chini iliyoandikwa ghorofa irekebishwe kabla 7,500 hazijarundikana. Nyumba iliyofungwa haina msamaha, kwa kuwa jengo bado lipo. Kila ombi liwe la maandishi, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Afisa akija mlangoni, mwombe kitambulisho, na usimpe fedha taslimu, maana malipo ya serikali hupitia namba ya malipo. Akitaka kuingia chumbani kukagua mita na hukumwelewa, mwambie msubiri mjumbe wa mtaa.

Mpangaji, wewe kazi yako ni moja na ni rahisi. Usifute ujumbe wa LUKU. Ule wa ununuzi wa kwanza wa mwezi una mstari wa kodi ya jengo, na mstari huo ni ushahidi kwamba umelipa deni la mtu mwingine. Uandike kwenye daftari, na siku ya kulipa pango mwonyeshe baba mwenye nyumba, kwa adabu, akupunguzie 1,500 kwa kila mwezi uliomlipia. Kama mkataba wenu unatengenezwa upya, kifungu hicho kiingie humo kwa maandishi, ili kusiwe na mabishano uani.

Na wenye nyumba wa Tabora niwaambie bila kuzunguka. Wengi wenu mnajua kodi hii ni yenu. Mnanyamaza kwa sababu mpangaji haelewi au anaogopa kuambiwa ahame. Tangu 2021, aliyepanga nyumba yenu nzima na kununua umeme kila mwezi bila kurudishiwa amewalipia 1,000 kwa miezi iliyotangulia mabadiliko ya 2023 na 1,500 kwa kila mwezi baada yake. Kaeni naye, pigeni hesabu, mpunguzieni kwenye kodi ya pango.