Mazoea ya Bwana Sam Walton wa Arkansas

Mwaka 1985, jarida la Forbes lilipomtaja Bwana Sam Walton kuwa tajiri wa kwanza katika Marekani yote, waandishi wa habari na wapiga picha walimiminika katika mji mdogo wa Bentonville, jimbo la Arkansas, wakitaraji kuona kasri na watumishi, na badala yake wakamkuta mzee aendeshaye gari kuukuu la mizigo aina ya Ford, ambalo nyuma yake hupakiwa mbwa wake wa kuwinda, na anyolewaye kwa kinyozi wa mjini kama jirani yeyote. Wengi wakaandika juu ya gari na mbwa; wachache mno walimwuliza habari za duka, ilhali duka ndilo lililokuwa na ya kueleza. Makala hii imekusudia kulitazama jambo kwa upande ule ulioachwa, yaani kueleza, kwa jicho la hesabu na biashara, mazoea aliyoyashika mtu huyu siku baada ya siku tangu ujana wake hadi alipofariki tarehe 5 Aprili 1992, na sababu iliyofanya mazoea hayo, ambayo hakuna hata moja lihitajilo kipaji cha ajabu, yazae matunda makubwa namna ile.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1940, akaajiriwa na kampuni ya J. C. Penney katika duka lao la Des Moines, Iowa, kwa mshahara wa dola 75 kwa mwezi. Mwandiko wake ulikuwa mbaya na stakabadhi zake zilimtia taabu kila aliyezikagua, hata mkubwa mmoja aliyetoka makao makuu akamwambia kuwa huenda biashara ya rejareja si kazi yake. Lakini ni katika duka hilohilo alikomwona James Cash Penney mwenyewe, mwasisi wa kampuni, akiwaonyesha vijana namna ya kufunga bidhaa ya mnunuzi kwa karatasi chache na uzi mfupi, na kifurushi kisipungukiwe na haiba yake. Msomaji asilidharau somo hili. Duka la rejareja huishi kwa tofauti ndogo iliyopo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na katika tofauti hiyo hutoka kodi ya pango, ujira, taa, na thamani ya vitu vilivyovunjika au kuibwa; kwa hiyo senti iliyookolewa katika uzi huingia yote katika faida, ambapo senti iliyoongezeka katika mauzo hugawanywa kwanza na wadai wote hao, na mwenye duka hupata makombo yake.

Baada ya kutumikia jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1945 alinunua duka la vitu vidogo vidogo katika mji wa Newport, Arkansas, lililoendeshwa chini ya jina la Ben Franklin, kwa dola 25,000, ambazo 5,000 zilikuwa zake yeye na mkewe Helen, na 20,000 alikopeshwa na baba mkwe wake. Aliingia kwa ghera ya ujana, wala hati ya pango hakuisoma kama ipasavyo kusomwa. Kodi ilikuwa asilimia 5 ya mauzo yote, nayo ilikuwa kodi kubwa kupita desturi ya biashara ile. Na baya kuliko hilo, hati haikuwa na sharti lolote la kumpa mpangaji haki ya kuendelea muda wa miaka mitano utakapokwisha. Kwa miaka hiyo mitano akafanya kazi usiku na mchana, akaweka mbele ya duka mashine ya bisi na mashine ya aiskrimu, hii ya pili kwa mkopo wa benki wa dola 1,800, na mauzo yakapanda kutoka dola 72,000 kwa mwaka hadi kufikia dola 250,000. Ndipo mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa akiyatazama haya yote na kupokea asilimia zake, akakataa kuongeza muda kwa bei yoyote ile, kwa kuwa alitaka duka lile liwe la mwanawe.

Wapangaji wa fremu za Kariakoo, jijini Dar es Salaam, waliotoa kilemba kikubwa, wakapaka rangi, wakajenga rafu, wakavuta wateja, kisha wakaambiwa watafute pengine, hawahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Kisheria na kihesabu maana yake ni kwamba sifa njema ya mahali, ile tabia ya watu kuja kununua hapa wala si pale, ni mali kamili yenye thamani ya fedha, lakini ni mali isiyo na mlango wala kufuli, na anayeijenga juu ya ardhi ya mwingine bila hati madhubuti huwa amemjengea yule mwingine. Bwana Walton hakumshitaki mtu wala hakukaa akilia. Alihamia Bentonville mwaka 1950, mji wa watu wachache kuliko Newport, na hakuridhika kulipanua duka lake jipya mpaka ilipopatikana, kwa msaada wa baba mkwe wake, hati ya pango ya miaka 99 kwa chumba cha kinyozi kilichokuwa ubavuni mwake. Tangu hapo hati zake zote za pango alizisoma kwa uangalifu mkubwa.

Newport ndiko alikojifunza pia hesabu ya bei, na hii inataka kuelezwa polepole. Nguo za ndani za wanawake zilikuwa zikimfikia kwa njia ya kampuni ya Ben Franklin kwa dola 2.50 kwa dazeni, naye akaziuza tatu kwa dola moja. Akapata wakala wa New York aliyempa dazeni kwa dola 2 tu, akaanza kuziuza nne kwa dola moja, na watu wakazigombania. Kutokana na majaribio ya namna hii alitoa mfano alioukariri maisha yake yote: kitu kilichonunuliwa kwa senti 80, kikiuzwa dola 1.20 huleta faida ya senti 40. Kikiuzwa dola moja faida ni senti 20 tu, yaani nusu, lakini watakaokinunua ni mara tatu ya wale wa kwanza, na mara tatu ya senti 20 ni senti 60. Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Shida iko katika sharti lake, ambalo wengi hulisahau: bei hushushwa salama pale tu ambapo gharama imeshushwa kwanza. Yeye alishusha bei baada ya kupata bidhaa kwa dola 2 badala ya 2.50, na mara nyingi alisafiri mwenyewe usiku, gari likivuta tela, kwenda kuchukua mzigo. Mchuuzi anayepunguza bei kwa sababu jirani amepunguza, ilhali yeye bado ananunua kwa dalali yuleyule na kulipa pango lilelile, hafuati njia hii hata kidogo. Huyo anakula mtaji wake na kuuita mkakati.

La kustaajabisha zaidi ni jinsi alivyotumia nyayo zake. Hakupita mbele ya duka la mshindani, popote duniani, pasipo kuingia, na kila aingiapo hutoa karatasi zake za manjano, akaandika bei, mpango wa rafu, upana wa njia za kupitia, hata namna taa zilivyofungwa. Baadaye aliongeza chombo kidogo cha kunasia sauti. Siku moja katika duka kubwa la Price Club huko San Diego alikamatwa na mtumishi akinong'oneza bei katika chombo hicho, naye hakubisha, maana katika maduka yake mwenyewe lilikuwapo katazo lilelile. Akakitoa, akaandika barua fupi kwa Robert Price, mmoja wa wenye kampuni, na baada ya siku chache kikarudishwa pamoja na barua ya upole, maneno yake yote yakiwa mumo humo. Watu husimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi naona fundisho lake liko katika kitu kingine: alipoingia katika duka bovu, chafu, lenye rafu tupu, wenzake walitoka wakicheka ubovu ule, naye akawauliza kama wameliona jambo moja zuri lililofanywa mle ndani, kwa kuwa makosa ya jirani hayamwongezei mtu ujuzi.

Mwenye tabia ya kutazama kwa namna hii huhitaji pia siku ya kutulia na kuyapanga aliyoyaona, na siku hiyo kwake ilikuwa Jumamosi. Saa nane au saa tisa za usiku, watu wakiwa wamelala, alikuwa ofisini akipitia tarakimu za juma zima, duka kwa duka: kilichouzwa, kilichobaki, kilichotumika kwa ujira. Saa moja na nusu asubuhi wakuu wote wa kampuni walikutana, yeye akiwa ameshazijua hesabu kuliko wao, na lililoonekana kuharibika liliamuliwa palepale, amri ikatoka kwa simu kabla ya Jumatatu. Mshindani aliyefunga ofisi yake Ijumaa jioni aliyajua mabadiliko hayo siku mbili baada ya kufanyika. Wazee wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hili hunukuliwa sana katika hotuba za kufungua semina. Lakini daftari lisilosomwa kwa saa maalumu, na mtu mwenye mamlaka ya kuamua, halina tofauti kubwa na kukosa daftari. Ratiba hii ilikuwa ngumu kwa wake na watoto wa wakuu hao, na malalamiko hayakukosekana; yeye alishikilia kwamba watu wa dukani hufanya kazi Jumamosi, basi na wakubwa wao wafanye.

Duka lake la kwanza lililobeba jina la Wal-Mart lilifunguliwa Rogers, Arkansas, tarehe 2 Julai 1962, yeye akiwa na umri wa miaka 44, na miaka 17 imepita tangu Newport. Mwaka huohuo kampuni kubwa zenye fedha nyingi zilianzisha maduka ya Kmart na Target. Zenyewe zilikwenda katika miji mikubwa. Yeye alibaki katika miji midogo iliyodharauliwa, akayapanga maduka yake kuzunguka bohari moja, kila duka likiwa katika mwendo wa siku moja wa lori, na eneo likijaa ndipo husogea eneo la pili. Viwanja vya kujengea alivichagua kutoka angani, akirusha mwenyewe ndege ndogo, akiinamisha bawa lake ili aone barabara zinaelekea wapi, nyumba mpya zinajengwa upande gani, na magari mangapi yameegeshwa mbele ya duka la mshindani.

Jambo moja halikumwia rahisi, nalo ni kung'atuka. Mwaka 1974 alimkabidhi mwingine uenyekiti, akaendelea kuzunguka madukani na kutoa maoni kama kwamba hakuna lililobadilika, wakuu wakagawanyika makundi mawili, na mwaka 1976 akakirudia kiti chake, na sehemu kubwa ya wakuu ikaondoka. Miaka miwili ile ilipotea kwa kuwa alitoa cheo akabakiza mamlaka.

Ama kuhusu wafanyakazi, hapo sifa zake zataka kupimwa kwa mizani ya haki. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1992 alikiri mwenyewe kuwa mwanzoni aliwalipa makarani wa dukani ujira mdogo mno, na kwamba mpango wa kugawana faida aliuanzisha kwanza kwa mameneja peke yao. Mkewe Helen ndiye aliyemhoji kuhusu hao wengine, na mwaka 1971 mpango ukaenea kwa wafanyakazi wote waliotimiza masharti. Waliodumu miaka mingi wakapata akiba ya kutajika kwa sababu ya hisa, ambazo zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1970 kwa dola 16.50 kila moja. Pamoja na hayo alivipinga vyama vya wafanyakazi mpaka mwisho, na katika miji mingi duka lake lilipofunguliwa, maduka ya kale ya barabara kuu yalifungwa moja baada ya moja. Bei rahisi ilimfaa mnunuzi. Sehemu ya gharama yake ililipwa na karani na jirani, na anayemwiga Bwana Walton kwa kubana mishahara ameiga kosa ambalo mwenyewe alilitubia nusu.

Kampuni yake ilifika hata kwetu. Mwaka 2011 ilinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, yenye maduka ya Game, ambayo yalikuwapo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwaka 2021 Massmart ikatangaza kuyatafutia mnunuzi maduka yake ya Afrika Mashariki, na hatimaye yakafungwa. Duka la mtaani, linalopima mafuta kwa kibaba na sukari kwa robo kilo, na linalomjua kila mdaiwa kwa jina la mtoto wake, bado limesimama, na kwa maoni yangu limesimama kwa sababu mwenyewe anafanya bila kufundishwa jambo la kwanza katika biashara yoyote, yaani kumtazama mnunuzi kwa karibu. Anachokikosa ni saa mbili za hesabu katika juma na hati ya pango iliyosomwa. Nawasihi wenye maduka wazitenge saa hizo, hata kama daftari ni la kurasa 40 na kalamu ni ya kuazima; na vyama vya wafanyabiashara, ambavyo kila mwaka huwafundisha vijana namna ya kuomba mkopo, viwafundishe kwanza kuisoma hati ya pango kabla ya kutia saini.