Msimu wa Karafuu na Maisha ya Familia Changa Kisiwani Pemba

Kisiwa cha Pemba, kilicho kaskazini mwa Unguja na chenye vilima na mabonde yenye rutuba, ndicho kinachotoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar, na kwa sababu hiyo maandishi mengi yanayokihusu huitazama karafuu kwa jicho la biashara, yakieleza bei yake, tani zilizouzwa na magendo yanayopita baharini kwenda pwani ya Kenya. Mtazamo huo si wa uongo, lakini unaacha nje jambo zito zaidi, kwa kuwa kwa mume na mke waliooana karibuni na wenye mtoto mmoja au wawili, miezi ya mchumo ndiyo inayopanga harusi, akika, mavazi ya sikukuu, matembezi na hata kulipana madeni. Haitakuwa sahihi, basi, kuieleza kazi ya karafuu kando ya sherehe zake, kana kwamba sherehe ni burudani inayofuata baada ya jasho, maana katika maisha ya Wapemba mambo hayo mawili huanza pamoja, na mara nyingi fedha za karafuu huwa zimekwisha kupangiwa shughuli ya ukoo hata kabla tumba halijachumwa.

Mkarafuu si mti wa asili wa visiwa hivi. Ulitoka katika visiwa vya Maluku, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na ukaenea sana wakati wa utawala wa Seyyid Said. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo uzito wa zao hili ukahamia huko. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa ardhi kwa mafungu ya eka tatu tatu, na mpaka leo mashamba ya namna hiyo huitwa kwa ufupi "eka". Umiliki, hata hivyo, una matawi mengi, kwa sababu mila ya visiwani hutenganisha mti na ardhi unaposimama, kiasi kwamba mtu anaweza kumiliki mikarafuu mitano katika kiwanja cha mjomba wake, na mirathi ya Kiislamu huigawa miti hiyo tena kwa kila kizazi. Kijana anayeoa huanza maisha kwa miti michache aliyopewa na baba yake kwa hiba, yaani zawadi inayotolewa mtoaji akiwa hai, na mkewe naye anaweza kuwa na miti yake aliyorithi kwao, ambayo mapato yake ni haki yake peke yake, wala mume hana ruhusa ya kuyagusa bila ya ridhaa yake.

Mchumo huanza kwa kawaida mnamo Julai, wakati upepo wa kusi bado unavuma na baridi ya kipupwe haijaondoka, ukaendelea kwa vipindi hadi Januari, kwa kuwa tumba hazikomai zote kwa pamoja na mti mmoja hurudiwa mara kadhaa. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka, nalo huchumwa linapoanza kuacha ukijani na kuingia wekundu, maana likichanua thamani yake imepotea. Wachumaji hupanda hadi vileleni kwa kamba, wakayavuta matawi ya mbali kwa ngoe, yaani mti wenye ncha iliyopinda kama kulabu. Matawi ya mkarafuu hukatika ghafla bila ya kutoa dalili, kwa hiyo kuanguka ni hatari inayojulikana katika kila kijiji, na mwanamume mwenye mtoto mchanga nyumbani husisitizwa na wazazi asipande mti wenye umande. Anayechumia watu hulipwa kwa pishi, kipimo cha kale chenye vibaba vinne, jambo linalowawezesha vijana wasio na miti yao wenyewe kushiriki msimu kwa nguvu zao, na ambalo kila mwaka mkubwa huwavuta wachumaji kutoka Unguja wanaoshuka bandarini Mkoani na kupiga kambi mashambani.

Sehemu ya kazi iliyo na uhai zaidi haiko juu ya mti bali chini, nyumbani, baada ya sala ya Magharibi, wakati mizigo ya siku imekwisha kumwagwa juu ya jamvi na jamaa wamekaa kuizunguka kwa kuchambua. Kuchambua ni kutenganisha tumba na vikonyo vyake, na hufanywa kwa kukishika kishada kwa mkono mmoja na kukisukuma dhidi ya kiganja cha mkono wa pili, mpaka karafuu zinaanguka upande huu na makonyo yanabaki upande ule. Mafuta yaliyomo hupenya ngozini, vidole vikafa ganzi kidogo na mikono ikanukia kwa siku kadhaa. Mke mgeni katika ukoo hukaa hapo na mama mkwe na mawifi zake kwa saa nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na hapo ndipo anapojifunza historia ya familia aliyoolewa: nani anamdai nani, nani alikosana na nani kwa sababu ya mpaka, ni binti gani ameposwa na kwa mahari ya kiasi gani. Watoto hupewa kazi ya kuokota tumba zilizodondoka chini ya miti, na fungu wanalookota mara nyingi huachiwa wenyewe kwa ajili ya nguo za sikukuu. Jambo hili wazee hulisimamia kwa uaminifu mkubwa, na inafaa lisifiwe, kwani humfundisha mtoto hesabu ya haki kabla hajafundishwa hesabu ya daftari.

Baada ya kuchambuliwa, karafuu huanikwa juani juu ya mikeka na majamvi kwa siku tatu hadi tano, zikatandazwa kwa wembamba asubuhi, zikageuzwa adhuhuri na kukusanywa jioni kabla ya umande kushuka. Karafuu kavu hubaki na takriban theluthi moja ya uzito wake wa mbichi, na mjuzi huitambua kwa kuivunja kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa kuwa iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio na isiyokauka hupinda. Mvua za vuli zinaponyesha katikati ya kazi hii, nyumba nzima hukurupuka, na jirani hukimbilia mkeka wa jirani hata kama juzi walikuwa hawasemezani, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa huvunda, ikabadilika rangi na kushuka daraja. Zikishakauka, karafuu hupelekwa katika vituo vya Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, lililoanzishwa 1968 na ambalo ndilo mnunuzi pekee anayetambuliwa na sheria. Makonyo nayo hayatupwi, bali hukaushwa na kuuzwa kwa ajili ya kukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, na katika nyumba nyingi fedha za makonyo huhesabiwa kuwa za wanawake, ambao huziingiza katika upatu, yaani mchango wa zamu ambao kila mshiriki hupokea jumla yake siku yake inapofika. Vyombo vingi vya ndani vya nyumba changa, kuanzia masufuria hadi kitanda, hupatikana kwa njia hiyo.

Fedha zikishaanza kuingia, shughuli za ukoo zilizokuwa zikisubiri hupewa tarehe. Akika, ambayo ni kuchinja kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, mbuzi wawili kwa wa kiume na mmoja kwa wa kike, hupendekezwa ifanywe siku ya saba, lakini wazazi wasio na uwezo huiakhirisha mpaka karafuu ziuzwe, na hakuna anayewalaumu kwa hilo. Mzazi ambaye hajatimiza arubaini, yaani siku arubaini za mapumziko baada ya kujifungua, haendi shambani hata mchumo ukiwa mkubwa namna gani, na fungu lake la kazi huchukuliwa na dada zake. Harusi nazo hukusanyika katika miezi hii na ile inayofuata, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kualikwa kwenye nyumba tatu kwa Ijumaa moja. Familia changa huenda huko si kama watazamaji, maana waliooana mwaka uliopita walisaidiwa kwa mchele, kuni na mikono ya kupika, na sasa ni zamu yao kurudisha. Mume huonekana kwenye masufuria ya pilau pamoja na wanaume wenzake, mke akawa na somo, ambaye ni mwanamke mtu mzima anayemfunda bibi harusi, akimsaidia katika mambo ya fungate, zile siku saba za maarusi kukaa ndani. Vijijini bado huchezwa msewe, ngoma ambayo wachezaji wake hufunga miguuni njuga za majani yaliyosukwa, hivyo kila hatua ikatoa mlio wake.

Msimu unapoelekea mwisho na kaskazi ikaanza kukausha ardhi, huja mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huunasibisha na Wareno waliotawala pwani hii katika karne ya 16 na ya 17. Chwale, katika Wilaya ya Wete, ni miongoni mwa vijiji vinavyojulikana kwa mchezo huu. Fahali huletwa uwanjani akiwa amefungwa kamba, zumari na ngoma zikapigwa, na vijana wakamchokoza kwa vitambaa na kumkwepa anapowashambulia, huku wanawake waliovaa kanga mpya wakiimba nyimbo za kumsifu fahali na mwenye fahali. Fahali hauawi, na mwenyewe humrudisha zizini akiwa na jina kubwa zaidi. Kwa familia changa siku hiyo ni matembezi kamili: mtoto hubebwa begani apate kuona, muhogo na pweza hununuliwa njiani, na jamaa wa mbali ambao hawajaonana tangu harusi hukutana.

Idi, kwa kuwa hufuata mwezi mwandamo, hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na kuzunguka misimu yote, na miaka ambayo huangukia katika mchumo hukumbukwa kwa muda mrefu. Watoto huvalishwa nguo mpya, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi, na jioni hupelekwa katika viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi, Chake Chake. Wenye nafasi huenda ufukweni Vumawimbi kwa kupitia msitu wa Ngezi, au huvuka kwa mashua hadi kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri aliswali juu yake, na ambacho tangu 1998 ni eneo la hifadhi.

Si kila mwaka, hata hivyo, huwa hivyo. Mkarafuu uliozaa sana hupumzika, na baada ya msimu mkubwa hufuata miaka miwili au mitatu ya mavuno haba, ambayo huwabana zaidi wale ambao hawajajijenga. Hapo ndipo baadhi hushawishika kukodisha mazao yangali mtini kwa fedha taslimu, jambo ambalo wazee hulikemea kwa sababu mwenye njaa hapangi bei, na hapo pia ndipo vijana wengi wanapoondoka kwenda Unguja, Dar es Salaam au Muscat, ambako Wapemba wana jamaa wa siku nyingi. Wengi wa walio karibu hurudi mchumo unapotangazwa kuwa mzuri.

Wanaobaki hutumia masika kupanda miche, ambayo Serikali huigawa kutoka katika vitalu vyake. Mche wa mkarafuu ni dhaifu mno katika mwaka wake wa kwanza, huhitaji kivuli cha makuti na maji wakati wa jua la kaskazi, na mingi hufa kwa kupuuzwa. Unaopona huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kutoa tumba la kwanza, hivyo mume na mke waliooana karibuni huupanda kati ya mistari ya muhogo na migomba, wapate chakula mahali hapo hapo wakati wakiungoja.