Lubumbashi: Msomaji wa Dune hawataki warithi wa Herbert

Mwalimu mmoja wa Kamalondo, mjini Lubumbashi, ana vitabu sita vya Dune ambavyo hamwazimi mtu. Viwili vilivyofuata humpa yeyote, na visiporudi hajali.

Kwa wasioifahamu, Dune ya Mmarekani Frank Herbert ilitoka mwaka 1965. Ni hadithi ya sayari ya jangwa yenye unga wa thamani usiopatikana kwingine. Wakubwa wa mbali wanaupigania, wenyeji wanahesabiwa si kitu. Mkaaji wa Haut-Katanga, penye shaba na kobalti, hahitaji kuelezwa zaidi.

Herbert alifariki mwaka 1986. Kitabu chake cha sita kiliwaacha mashujaa wakimkimbia adui asiyejulikana. Mwanawe Brian na mwandishi Kevin J. Anderson walimalizia mwaka 2006 na 2007, wakisema wamefuata muhtasari aliouacha baba. Adui akawa ni mashine zinazoongozwa na Omnius, ambaye wawili hao walimbuni katika vitabu vyao wenyewe vya awali.

Hapo ndipo mwalimu anapokasirika. Anasema Herbert alimfundisha kuwaogopa watu wanaojiita wakombozi. Warithi wanampa roboti za kulaumu. Na muhtasari wenyewe hawajauchapisha, ili msomaji apime. Nadhani hoja hiyo ya mwisho ni nzito kuliko hasira yake.

Binti yake, aliyeona filamu ya mwaka 2021, anataka kuanza na vile vipya. Baba amemwekea mezani kile cha 1965.