Mvuvi wa Mshipi na Mwendo wa Maji

Maji yanapokupwa katika mwambao wa Afrika Mashariki, wavuvi wa mshipi hutembea kwa miguu hadi ukingo wa mwamba. Huko hungoja maji yaanze kujaa, kwani ndipo changu na samaki wengineo wapandapo mwambani kutafuta kaa na konokono. Basi saa iliyo njema kwa kutupa ndoana ndiyo pia saa ya hatari.

Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, dunia, mwezi na jua hukaribia kuwa katika mstari mmoja, na mvutano wa jua huuongezea nguvu ule wa mwezi. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Tuchukue mfano wa bamvua lipandalo meta 3.6 kwa muda wa saa sita. Saa ya kwanza maji hupanda kiasi cha sentimeta 30 tu. Ya pili, 60. Ya tatu na ya nne, 90 kila moja. Kisha 60, na mwisho 30.

Saa ya kwanza, basi, humdanganya mvuvi. Tena mara nyingi ukingo wa mwamba huwa juu kuliko bonde lililo kati yake na ufuko, hivyo njia ya kurudi hufunikwa kwanza. Mwenye busara hurudi mapema, hata kama samaki wangali wakila chambo.

Wanafunzi wa pwani waweza kuupima mwendo huu kwa mti wenye alama uliofungwa kwenye nguzo ya gati.